Silaha za Okinawa: Ni zana za mkulima au rungu la serikali?

WAPENZI wa filamu za karate hawahitaji kuelezwa nunchaku ni nini. Vijiti hivyo viwili vilivyounganishwa kwa kamba au mnyororo vilipata umaarufu duniani kupitia kwa mwigizaji Bruce Lee, hasa katika filamu za Fist of Fury ya mwaka 1972 na Enter the Dragon ya 1973.

Hata hivyo, nunchaku ni moja tu miongoni mwa silaha kadhaa za jadi za Okinawa, kisiwa kikuu katika visiwa vya Ryukyu, kusini-magharibi mwa Japani. Sanaa ya kuzitumia huitwa kobudo, na mara nyingi hufunzwa sambamba na karate, ambayo nayo ilichipuka kisiwani humo.

Silaha ya msingi ni bo, fimbo ndefu ya takriban mita 1.8. Hushikwa kwa mikono miwili, na ncha zote mbili hutumika kupiga, kudunga na kuzuia mapigo. Mwanafunzi huanza na fimbo hii kabla ya kukabidhiwa silaha nyingine.

Sai ni chuma chenye urefu wa karibu nusu mita na pembe mbili karibu na mpini. Haikati kama kisu. Kazi yake ni kupiga, kudunga na kunasa silaha ya adui katikati ya pembe hizo. Mpiganaji hubeba mbili mikononi, na pengine ya tatu kiunoni kwa ajili ya kurusha.

Tonfa ni rungu fupi lenye mpini uliojitokeza ubavuni. Likilazwa kando ya mkono hukinga kiganja hadi kiwiko. Likizungushwa huwa pigo zito. Kuna pia mundu, ambao hutumiwa wawili wawili, na eku, yaani kasia la mvuvi, ambalo mbali na kupiga hutumiwa kumrushia adui mchanga wa ufuoni machoni.

Masimulizi yaliyoenea katika kumbi nyingi za mafunzo ni kwamba silaha hizi zilizaliwa na dhuluma. Inasemekana watawala waliwapokonya raia silaha zao, na wakulima wakajihami kwa walichokuwa nacho: tonfa kutoka kwa mpini wa jiwe la kusagia nafaka, nunchaku kutoka kwa lijamu ya farasi.

Ni hadithi tamu, maana humpa mnyonge ushindi. Lakini wanahistoria wengi wanaitilia shaka.

Kwanza, Mfalme Sho Shin, aliyetawala Ryukyu kati ya 1477 na 1526, hudaiwa kupiga marufuku silaha. Ushahidi unaotajwa ni maandishi yaliyochongwa katika kasri la Shuri mwaka 1509. Wapo wasomi wanaoyafasiri kinyume: kwamba mfalme alikuwa akijisifu kwa kukusanya panga na pinde kwa ulinzi wa dola yake.

Pili, ukoo wa Satsuma kutoka Japani, ulioivamia Ryukyu mwaka 1609, uliwashinda watu waliokuwa na silaha na jeshi. Vikwazo kuhusu silaha vilifuata baada ya ushindi huo.

Tatu, sai haina nasaba na shamba. Silaha zenye umbo hilo hupatikana pia China na Indonesia, na kisiwani Okinawa ilibebwa na maafisa wa usalama wa ufalme, walioitumia kutawanya umati na kuwakamata wahalifu.

Isitoshe, mifululizo ya mbinu iitwayo kata, ambayo ndiyo maktaba ya sanaa hii, mara nyingi hubeba majina ya watu wa tabaka la maafisa lililoitwa pechin. Mfano ni Sakugawa kwa upande wa bo na Hamahiga kwa upande wa tonfa. Hao ndio waliokuwa na wasaa wa kujifunza na walimu wa kuwafunza. Mkulima aliyeshinda kondeni kutwa hakuwa na nafasi hiyo.

Hii si kusema kwamba raia wa kawaida hakuchangia lolote. Kasia na mundu ni zana za kazi bila ubishi.

Elimu hii nusura ipotee. Ufalme wa Ryukyu ulivunjwa na kufanywa mkoa wa Japani mwaka 1879, na vita vya Okinawa vya 1945 viliangamiza sehemu kubwa ya wakazi, wakiwemo walimu. Aliyefanya kazi kubwa ya kuokoa kilichosalia ni Taira Shinken (1897-1970), aliyezunguka akikusanya kata na kuziratibu hadi zikafika 42, za silaha nane.

Kejeli ya historia imo katika tonfa. Rungu linalosifiwa kuwa ngao ya mnyonge dhidi ya mtawala liliigwa nchini Marekani katika miaka ya 1970 kuwa kirungu cha polisi. Kirungu cha aina hiyo kilikuwa mikononi mwa maafisa wa Los Angeles waliompiga Rodney King mnamo Machi 1991, tukio lililonaswa kwa kamera na kuonekana kote duniani.

Nunchaku, kwa upande wake, ilipigwa marufuku katika jimbo la New York mwaka 1974, kwa hofu kwamba vijana walioiona katika filamu wangeitumia kwa uhalifu. Ilichukua hadi Desemba 2018 kwa mahakama kuamua kwamba marufuku hiyo ilikiuka katiba.