Hame Bila Kuta

Ukiwa Kinanie, Lukenya haiko mbali: kilima cha mawe kilichochomoza katika uwanda wa Athi, nchini Kenya. Mwambie mgeni kwamba pale pana mahali pa kale panapostahili kulindwa, naye atauliza gofu liko wapi. Usimlaumu. Neno gofu ndilo lililomzoeza kutafuta ukuta.

Gofu ni jengo lililobomoka, na jina hilo limeikaa vizuri Gede, yenye msikiti na kasri la matumbawe. Neno mnara nalo halitufai: mnara sharti usimame. Lukenya hakuna kilichosimama ila mwamba wenyewe. Katika uvungu wa miamba hiyo watu waliishi, wakachonga mawe, wakala nyama ya mawindo, wakaondoka. Kipande cha fuvu kilichofukuliwa hapo kilikadiriwa, katika utafiti wa mwaka 2015, kuwa na umri wa takriban miaka 23,000. Wataalamu hupaita mahali hapo GvJm-22: herufi za miraba ya ramani, kisha nambari. Dereva wa tingatinga hawezi kulistahi jina asiloweza hata kulitamka.

Kiswahili kina neno tulilolisahau kabatini: hame, wingi wake mahame. Limezaliwa na kuhama. Hame ni mahali watu walipokaa kisha wakapaacha. Halidai nguzo wala dari.

Mzizi huohuo unaueleza uharibifu wa mahame. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inapofafanua kitu cha kale, inataja kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Katika kuhamishika huko ndimo mlimo na hatari. Baadhi ya vibanzi vya obsidiani vilivyopatikana Lukenya, mawe meusi yang'aayo kama kioo, asili yake ni Bonde la Ufa. Binadamu alivibeba. Safari hiyo twaijua kwa kuwa vilikutwa pale vilipoachwa, ndani ya tabaka lake la udongo. Kibanzi kilekile kikizolewa na kokoto na kupakiwa lorini, hakijavunjika, ila kimepoteza anwani.

Na Kinanie inahamiwa. Eneo la viwanda vya ngozi limetengwa, viwanja vinauzwa, misingi inachimbwa. Mjenzi huchimba, mwanaakiolojia naye huchimba. Afadhali huyu wa pili tumwachie kufukua, kitenzi kinachokiri kwamba kuna kitu kilichofukiwa.

Sheria hiyohiyo inampa mgunduzi siku 7 ayaarifu Makavazi ya Kitaifa, akitaja mahali hasa alipokiona kitu. Sasa fundi aliyekuta vijiwe vyeusi kwenye mtaro ataarifu nini? Gofu hajaliona, mnara hakuna, na GvJm hajapata kuisikia. Mpe neno hame, atakuwa na la kusema kabla lori halijaondoka.