Nyumba za Tegesha na Riwaya ya Kuokoa Jengo la Kale

Riwaya ya kuchekesha kuhusu wakazi wa mji mdogo wanaoungana kuzuia jengo la kale lisibomolewe ina sharti moja: uzee wa jengo uwe ni mali. Wote wanaiona mali hiyo isipokuwa mwekezaji, na upofu wake ndio unaotuchekesha. Ninadai kwamba msuko huo ukipelekwa Buseresere, mji mdogo wa Kanda ya Ziwa, utavunjika kurasa za mwanzo. Si kwamba watu wa Geita na Chato hawathamini ya kale. Ni kwamba huko uzee ni hasara, tena kwa mujibu wa sheria.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Hata boma la Wajerumani pale Biharamulo halifikii umri huo. Jengo la aina hiyo husubiri tangazo la waziri. Kwa mji kama Buseresere, mtunzi angebaki na ghala la pamba la enzi za ushirika, ule uliojengwa na wakulima wa Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950 wakiongozwa na kina Paul Bomani. Ni jengo lenye historia nzito kuliko boma, lakini mthamini wa fidia akilifikia atakadiria gharama za kulijenga upya, kisha atakata uchakavu. Kadiri lilivyoshuhudia mengi ndivyo linavyopungua bei.

Wananchi wameielewa hesabu hiyo vizuri kuliko wasomi. Nyamongo, kando ya mgodi wa North Mara, watu wamekuwa wakijenga nyumba za tegesha: kuta za haraka, bati juu, hakuna anayelala humo, zikingojea siku ya tathmini. Wenye mgodi huuita ujenzi huo ulaghai. Mimi naona hapo usomaji makini wa kanuni, uliofanywa na watu waliokwisha kuona ardhi yao ikithaminiwa kwa vipimo vya wengine. Na kwa mtunzi ni zawadi: jengo linalosimamishwa ili libomolewe, na mwenye nyumba anayehuzunika tingatinga lisipofika. Msuko wa kuokoa jengo umepinduliwa kichwa chini miguu juu.

Chachage Seithy Chachage, mwanasosholojia aliyeandika pia kuhusu haki za wachimbaji wadogo, alikwisha kuonyesha katika *Makuadi wa Soko Huria* (2002) kwamba uwekezaji unaweza kukejeliwa kwa Kiswahili bila kumfanya mwananchi malaika. Hata hivyo kejeli yake ina hasira nyingi, na wakati mwingine mhadhiri humpokonya msimulizi kalamu. Riwaya ya Buseresere ingehitaji mkono mwepesi zaidi. Mazingira yenyewe yanasaidia: Buseresere iko wilaya ya Chato, Katoro iliyopakana nayo iko wilaya ya Geita, na mgeni anayepita barabarani huona soko moja tu. Liweke ghala hapo mpakani. Upande mmoja kamati ya wazee inadai lihifadhiwe. Upande wa pili vijana wanaliongezea vyumba vya tegesha usiku, ubavuni mwa ukuta uleule. Mthamini atakapofika, kamati italazimika kuamua kama vyumba hivyo navyo ni urithi, na sidhani kama itakataa.