Namba moja huku, nafasi ya tisa kule: Jinsi nyimbo zinavyoongoza chati za nchi zaidi ya moja

NOVEMBA 14, 1952, gazeti la muziki la New Musical Express la Uingereza lilichapisha kwa mara ya kwanza orodha ya singo zilizouzwa zaidi nchini humo. Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono mitupu. Percy Dickins wa gazeti hilo aliwapigia simu wenye maduka ya santuri wapatao 20, akawauliza wateja wamenunua nini wiki hiyo, kisha majibu yakajumlishwa. Aliyetokea juu kabisa alikuwa Mmarekani, Al Martino, na wimbo wake Here in My Heart ulikuwa umekwishashika nafasi ya kwanza nchini mwake miezi michache kabla. Hivyo chati ya Waingereza ilizaliwa ikiwa tayari na mshindi wa nchi mbili.

Tangu wakati huo kuongoza chati za nchi zaidi ya moja kumekuwa kipimo kikubwa cha umaarufu wa mwanamuziki. Hata hivyo, kipimo hicho hakina mzani mmoja. Kila nchi huhesabu kwa kanuni zake, na kanuni hizo mara nyingi ndizo zinazoamua nani aonekane kileleni.

Nchini Marekani, chati kuu ya Billboard Hot 100 iliyoanza Agosti 4, 1958 imekuwa ikichanganya mauzo na idadi ya mara wimbo unazopigwa redioni. Uingereza, kwa upande wake, ilihesabu mauzo peke yake kwa zaidi ya nusu karne, mpaka Julai 2014 ilipoanza kujumuisha usikilizaji wa mtandaoni. Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2012 wimbo Gangnam Style wa PSY, mwanamuziki wa Korea Kusini, uliongoza chati ya Uingereza, lakini Marekani ulikwama nafasi ya pili kwa wiki saba, kwa kuwa redio za huko hazikuupiga kwa kiwango cha nyimbo zilizoshindana nao. Desemba mwaka huo video yake ikawa ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja katika YouTube. Watazamaji hao hawakuhesabiwa na Hot 100. Billboard ilianza kuwahesabu Februari 2013, PSY akiwa amekwishapitwa na zamu yake.

Kisa cha kundi la No Doubt la California kinashangaza zaidi. Wimbo wao Don't Speak uliongoza chati ya Uingereza mwaka 1997, na nyumbani kwao ulitawala orodha ya redio kwa wiki 16, lakini haukuonekana kabisa katika Hot 100. Sababu ni kwamba hadi Desemba 1998 kanuni zilidai wimbo uwe umetolewa dukani kama singo, na huo haukutolewa hivyo.

Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni wa Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja Septemba 5, 1946, ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 na ulimwengu ukaja kumfahamu kwa jina la Freddie Mercury. Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita alioutunga kwa ajili ya kundi lake la Queen, ulikaa kileleni Uingereza kwa wiki tisa kuanzia Novemba 1975. Marekani uliishia nafasi ya tisa. Mwaka 1980 mambo yakageuka: Crazy Little Thing Called Love na Another One Bites the Dust zote zikaongoza Marekani, ilhali Uingereza ya kwanza ilikomea nafasi ya pili na nyingine ya saba. Kwa hiyo Queen waliongoza chati za nchi zote mbili, lakini hawakuwahi kufanya hivyo kwa wimbo mmoja. Mercury alifariki Novemba 24, 1991. Miaka miwili baadaye wimbo wake mwenyewe, Living on My Own, ulipotolewa upya kwa mdundo wa disko, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza na Ufaransa.

Upo upande mwingine wa jambo hili ambao chati haziuonyeshi, nao ni wa mtunzi. Chati huandika jina la aliyeimba; jina la aliyetunga hubaki katika mikataba, na mikataba ina historia yake.

Mwaka 1939 Solomon Linda, mfanyakazi Mzulu wa kampuni ya santuri ya Gallo jijini Johannesburg, aliingia studio na kundi lake la Evening Birds na kurekodi wimbo Mbube, yaani simba kwa Kizulu. Inaelezwa kwamba aliuza haki zake kwa shilingi 10. Santuri hiyo ilivuka bahari, ikamfikia Mmarekani Pete Seeger, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi lake la Weavers likauimba kwa jina la Wimoweh, neno lililotokana na kusikia vibaya maneno ya Kizulu. Desemba 1961 vijana wa Brooklyn waitwao The Tokens, wakiwa na maneno mapya ya Kiingereza, waliufikisha kileleni mwa Hot 100 kwa jina la The Lion Sleeps Tonight, ukakaa hapo wiki tatu. Linda alifariki Oktoba 1962, akiwa fukara.

Wimbo haukufa naye. Mwaka 1982 kundi la Tight Fit liliurudia na kuongoza chati ya Uingereza, tena kwa wiki tatu. Mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya Disney, The Lion King. Sauti iliyotoka Johannesburg ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza katika nchi mbili kubwa kwa biashara ya muziki, huku mabinti wa mtunzi wakiishi Soweto kwa dhiki. Mwaka 2004 wasimamizi wa mirathi yake walifungua kesi dhidi ya Disney nchini Afrika Kusini, wakitegemea sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, ambayo ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Februari 2006 yalifikiwa maridhiano na kampuni ya Abilene Music iliyokuwa ikimiliki wimbo huo: Linda atambuliwe kuwa mtunzi mwenza, na warithi walipwe mirabaha ya nyuma na ya mbele. Kiasi hakikutangazwa.

Waafrika walioongoza chati za ng'ambo kwa majina yao wenyewe walichelewa. Mory Kanté wa Guinea aliongoza Uholanzi na Ubelgiji mwaka 1988 kwa Yé ké yé ké. Mwaka 1994 Youssou N'Dour wa Senegal, akishirikiana na Neneh Cherry, alikaa kileleni Ufaransa kwa wiki 16 na wimbo 7 Seconds, wenye Kiwolofu, Kifaransa na Kiingereza ndani yake. Uingereza uliishia nafasi ya tatu. Usikilizaji wa mtandaoni ulipoingia katika hesabu, njia ikafupika. Mwaka 2016 Wizkid wa Nigeria alikuwa mshiriki katika One Dance ya Drake, iliyoongoza wiki 15 Uingereza na 10 Marekani. Mwaka 2020 Jerusalema ya Master KG na Nomcebo Zikode, iliyoimbwa kwa Kizulu, ikashika nafasi ya kwanza Uswisi na Ubelgiji.

Afrika Mashariki ugumu ulikuwa wa aina nyingine. Katika enzi ya kanda, nyimbo za Bongo Fleva zilisambazwa na wafanyabiashara wa Kariakoo, nakala za wizi zikiuzwa sambamba na halali, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika zimeuzwa ngapi. Orodha za kila wiki zilizotangazwa redioni zilitegemea zaidi chaguo la watangazaji na kura za wasikilizaji. Ndiyo maana msanii aliyetamba kwa wakati mmoja Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura hakuandikwa popote kwamba ameongoza nchi nne, ingawa pengine ndivyo ilivyokuwa.

Septemba 2020 Billboard ilianzisha chati ya dunia, Global 200, inayojumlisha mauzo na usikilizaji wa mtandaoni kutoka nchi na maeneo zaidi ya 200. Redio haimo katika hesabu hiyo. Wala haumo wimbo unaorushwa kutoka simu moja hadi nyingine, au ule unaopigwa na kondakta ndani ya daladala kuanzia Mbagala hadi Posta.