Wafungwa wa Jimbo, Vitanda vya Kaunti: Jinsi Texas Ilivyoweka Viwango

Nchini Marekani, mtu anayehukumiwa kwa kosa kubwa kwa kawaida haendi gerezani siku ileile. Hurudishwa kwanza katika jela ya kaunti, na hukaa humo mpaka serikali ya jimbo iwe tayari kumpokea. Jela ni mali ya kaunti: katika majimbo mengi husimamiwa na sherifu anayechaguliwa kwa kura, na gharama zake hutoka katika kodi za wenyeji. Gereza ni la jimbo. Katika siku hizo za kungoja, mtu huyo si mahabusu tena. Ni mfungwa wa jimbo anayelala kwenye kitanda cha kaunti na kula chakula cha kaunti. Nani abebe mzigo wake, aishi katika hali gani na angoje kwa muda gani ni maswali yaliyozua mvutano mkubwa Texas, jimbo lenye kaunti 254, na majibu yake yalipatikana mahakamani na bungeni kati ya mwaka 1975 na 1995.

Hapo awali tatizo halikuonekana kuwa kubwa. Gereza la kwanza la Texas lilianza kupokea wafungwa mjini Huntsville mwaka 1849, na baadaye jimbo likapata mashamba makubwa ya pamba na miwa yaliyolimwa na wafungwa. Mashamba hayo yalihitaji watu, kwa hiyo jimbo halikuwa na sababu ya kuwakataa waliohukumiwa. Kuanzia 1912 hadi 1944 kazi ya kuwakusanya ilihusishwa hasa na wakala mmoja, Bud Russell. Alizunguka kaunti baada ya kaunti, kwanza kwa treni na baadaye kwa lori lenye kizimba cha chuma, akiwachukua wafungwa wakiwa wamefungwa minyororo shingoni. Katika miaka yake ya kazi alisafirisha zaidi ya watu 100,000. Mahali walipongojea palitofautiana mno: kila sherifu alikuwa na utaratibu wake, na kaunti maskini ilikuwa na jela ya hali yake.

Mabadiliko yalianza miaka ya 1970, mahabusu na wafungwa walipoanza kupeleka malalamiko yao katika mahakama za shirikisho. Mwaka 1972 ilifunguliwa kesi kuhusu hali ya jela za Kaunti ya Harris, iliyo na jiji la Houston. Mwaka 1975 Bunge la Texas liliunda Tume ya Viwango vya Jela, yenye wajumbe tisa wanaoteuliwa na gavana, miongoni mwao masherifu, daktari na raia wa kawaida. Tume ilipewa uwezo wa kutunga kanuni, kukagua jela na kuamuru kasoro zirekebishwe. Kaunti ikikaidi, jela yake ingeweza kufungwa.

Kanuni hizo ni za mambo yanayopimika. Seli ya mtu mmoja isipungue futi 40 za mraba, yaani karibu mita za mraba 3.7. Pawe na askari mmoja kwa kila wafungwa 48. Askari amwone kila mfungwa kwa macho yake angalau mara moja kila dakika 60, na kila dakika 30 pale palipo na watu wanaojulikana kuwa na nia ya kujiua, ugonjwa wa akili au tabia ya kushambulia wenzao. Chakula kitolewe mara tatu kwa siku, na mazoezi yawe saa moja, siku tatu kwa wiki. Kanuni hazikumtenga aliyekwisha kuhukumiwa na anayesubiri kesi: kipimo kilikuwa kimoja kwa kila anayelala humo. Kitu kimoja hazikuweza kukipanga, nacho ni siku ambayo jimbo lingekuja kuchukua watu wake.

Wakati huohuo magereza ya jimbo yalikuwa kitanzini. Mwaka 1972 mfungwa David Ruiz aliandika kwa mkono malalamiko yaliyokuja kuwa kesi ya wafungwa wote wa Texas. Hukumu ya Jaji William Wayne Justice, iliyotolewa Desemba 1980, ilieleza watu waliorundikwa watatu katika seli ya futi 45 za mraba, mmoja wao akilala sakafuni. Jimbo lililazimika kupunguza msongamano, na idadi ya wafungwa ikawekewa ukomo wa asilimia 95 ya nafasi zilizopo. Mwisho wa 1986 jaji huyo alitishia faini ya zaidi ya dola 800,000 kwa siku iwapo maagizo yake yangeendelea kupuuzwa. Kuanzia Januari 1987, kila ukomo ulipofikiwa, magereza yalifunga milango yake kwa wafungwa wapya.

Msongamano haukuisha, ulihamia kaunti. Jela zilizojengwa kwa watu wa kukaa siku au wiki chache sasa zilihifadhi watu kwa miezi mingi, bila shule, karakana wala matibabu ya muda mrefu. Houston watu walilala kwenye magodoro yaliyotandikwa sakafuni. Wengine walipewa msamaha wa masharti wakiwa bado jela, wakaenda nyumbani bila kuliona gereza walilohukumiwa kwenda. Sherifu naye alibanwa pande mbili: Tume ilimdai atimize viwango, na jimbo, ambalo Tume ni chombo chake, lilikataa kuwachukua watu waliomfanya ashindwe kuvitimiza.

Kaunti zikaenda mahakamani. Nueces ililishtaki jimbo, na katika kesi ya Harris, iliyokuwa ikiendelea tangu 1972, jimbo liliingizwa kama mhusika. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano ilikubali kwamba jimbo nalo lilikuwa na wajibu kwa hali iliyosababishwa na wafungwa wake kuachwa katika jela za Harris. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria yenye sehemu mbili: jimbo lizilipe kaunti kwa ajili ya wafungwa linaowachelewesha, na kuanzia tarehe 1 Septemba 1995 limpokee kila mfungwa ndani ya siku 45 tangu makaratasi yake yakamilike.

Ili kutimiza ahadi hiyo, jimbo lilijenga kwa kasi. Mwaka 1993 wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1 ambao sehemu yake ilikuwa ya magereza, na Bunge likaanzisha jela za jimbo kwa makosa ya ngazi ya chini. Vilijengwa pia vituo vya muda vya kupokelea waliotoka kaunti. Foleni iliyofikia watu wapatao 30,000 ilikuwa imemalizwa ulipofika mwaka 1995.

Majimbo mengine yalifuata njia tofauti. Louisiana, baada ya mahakama kudhibiti msongamano katika gereza la Angola mwaka 1975, ilizoea kuwaacha wafungwa wake kwa masherifu na kuwalipa kwa kila kichwa kwa siku, na baadaye karibu nusu ya wafungwa wa jimbo wakawa wanatumikia vifungo vyao humo. California mwaka 2011 ilitunga sheria iliyowaacha wengi wa waliotenda makosa yasiyo ya ukatili wamalizie vifungo katika kaunti.

Texas imebaki na utaratibu wa siku 45. Kaunti hukusanya nakala ya hukumu, hati ya mashtaka, kumbukumbu za makosa ya nyuma na hesabu ya siku ambazo mtu amekwisha kaa jela. Hati moja ikikosekana, siku 45 hazianzi kuhesabiwa. Viwango vyenyewe vimeendelea kuongezwa. Sheria ya 2017, iliyopewa jina la Sandra Bland, mahabusu aliyefia jela katika Kaunti ya Waller mwaka 2015, ilileta vifaa vya kielektroniki vya kuthibitisha kwamba askari kweli amepita kwenye seli. Tarehe ya mwisho nayo ilijaribiwa Aprili 2020, jimbo liliposimamisha kupokea wafungwa kwa sababu ya korona. Kwa miezi kadhaa foleni ilirudi katika jela za kaunti, na gharama zikawaangukia tena walipa kodi wa kaunti.