Arkea: viumbe wadogo wanaowasha jiko la biogesi

Unapowasha jiko la biogesi, kinachowaka zaidi ni gesi ya methani. Wengi tumezoea kusema gesi hiyo hutengenezwa na bakteria wa kwenye samadi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Bakteria huanza kazi, lakini wanaotoa methani yenyewe ni viumbe wengine, waitwao arkea.

Walitambuliwaje?

Arkea wana seli moja tu na hawaonekani bila hadubini. Kama bakteria, seli yao haina kiini, ndiyo maana kwa miaka mingi waliwekwa kundi moja. Mwaka 1977, Carl Woese wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na mwenzake George Fox walilinganisha ribosomu, yaani sehemu ya seli inayotengeneza protini, ambayo kila kiumbe hai anayo. Waligundua kuwa arkea ni ukoo wa peke yake. Mwaka 1990 Woese na wenzake walipendekeza viumbe hai wagawanywe katika makundi makuu matatu: bakteria, arkea na yukariota. Yukariota ni wenye kiini ndani ya seli: binadamu, ng'ombe, mahindi, uyoga.

Wanatofautianaje na bakteria?

- Mafuta ya utando wa seli zao yameunganishwa kwa namna nyingine.
- Ukuta wao hauna peptidoglikani, kitu kilichomo katika kuta za bakteria wengi. Penisilini huzuia ujenzi wa kitu hicho, hivyo haiwadhuru arkea.
- Namna wanavyosoma jeni zao inafanana zaidi na yetu kuliko ya bakteria.
- Hadi sasa hakuna ugonjwa wa binadamu uliothibitishwa kuletwa na arkea.

Wanapangwaje?

Wanasayansi huwapanga kwa undugu wa jeni. Katika mazungumzo ya kawaida hutajwa kwa maisha yao. Wapo wapenda joto, waishio kwenye chemchemi za maji moto. Wapo wapenda chumvi. Mmoja wao, Natrialba magadii, alipatikana Ziwa Magadi, Kenya, na jina lake limetoka huko. Wapo watoa methani, walio tumboni mwa ng'ombe, kwenye matope ya mashamba ya mpunga na ndani ya mtambo wako. Wengine wanaishi kwenye udongo wa kawaida na baharini.

Yakuhusu nini wewe mwenye mtambo?

Arkea wa methani hawavumilii oksijeni, kwa hiyo ziba nyufa. Hawapendi tindikali pia. Ukijaza mabaki mengi ya chakula kwa mara moja, bakteria hutoa tindikali haraka kuliko arkea wanavyoweza kuitumia, na moto hupungua. Punguza ulishaji kwa siku kadhaa. Vilevile, kinyesi cha ng'ombe aliyetoka kuchomwa sindano ya antibiotiki kiweke kando kwanza. Dawa kama penisilini haiui arkea, lakini inaweza kuua bakteria wanaowaandalia chakula.