Usiku Phillips Aliponyamazisha Onyo

Miaka sita iliyopita nilimtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa. Nilikuwa mhariri wa zamu ya usiku, ukurasa unasubiriwa mtamboni, simu ya mezani inalia, kundi la WhatsApp la ofisi halinyamazi. Katikati ya vurugu hiyo mwandishi wetu wa mkoani akanipigia. Nikakata. Akapiga tena, nikakata tena, nikamwandikia: “Niko bize, tuongee kesho.” Alitaka kuniambia kwamba jina tulilopewa la marehemu wa ajali ya basi ni la mdogo wake, ambaye hakuwamo hata kwenye hilo basi. Asubuhi ndugu walioko mbali wakampigia mama yao kumpa pole ya mtoto aliyekuwa amekaa naye pale pale, akimlilia kaka yake.

Tangu hapo, nikisoma habari za Titanic, mawazo yangu hayaendi kwenye barafu. Yanakwenda kwenye chumba cha redio.

Jumapili ya Aprili 14, 1912, Jack Phillips, kijana wa miaka 25, alikuwa mbele ya mtambo wa simu ya upepo. Yeye na msaidizi wake, Harold Bride, waliajiriwa na kampuni ya Marconi, na kazi iliyoleta fedha ilikuwa telegramu za abiria: salamu, mambo ya biashara, njoo unipokee bandarini. Kabla ya hapo mtambo ulikuwa umeharibika, wakahangaika nao kwa saa nyingi hadi ukapona. Kwa hiyo jioni ile telegramu zilikuwa zimerundikana, na Phillips alikuwa anazituma moja moja kwenye kituo cha Cape Race, Newfoundland.

Maonyo ya barafu hayakuwa mageni siku hiyo. Yalianza kuingia tangu asubuhi, na baadhi yalimfikia Nahodha Edward Smith. Lakini lile lililotumwa na meli Mesaba usiku, lililotaja barafu katika eneo lile lile walilokuwa wanaliendea, Charles Lightoller, ofisa aliyekuwa zamu na akanusurika, alisema halikumfikia.

Kisha, karibu saa tano usiku, akaingia Cyril Evans wa meli Californian. Meli yake ilikuwa imesimama, imezungukwa na barafu, na nahodha wake alimwambia awaarifu Titanic. Kwa kuwa alikuwa karibu, mlio wake ulimpiga Phillips masikioni kwa nguvu na kuifunika sauti hafifu ya Cape Race. Phillips akamwambia anyamaze, ana kazi. Evans hakununa; watu wa redio walikuwa wanasemeshana hivyo. Alisikiliza kidogo, akazima mtambo, akalala. Alikuwa peke yake kwenye kazi hiyo, na siku yake ilikuwa ndefu.

Muda mfupi baadaye, saa 5:40, Titanic iligonga. Watu wapatao 1,500 walikufa. Phillips alikaa mtamboni akiomba msaada karibu hadi mwisho, naye hakupona. Carpathia, iliyookoa watu zaidi ya 700, ilisikia kwa bahati tu: Harold Cottam, mtu wake wa redio, alikuwa anajiandaa kulala, visikilizio bado viko kichwani.

Ni rahisi kumlaumu Phillips. Mimi siwezi tena. Kwa mtu aliyezidiwa na kazi, onyo na usumbufu vina sauti moja. Ujumbe rasmi wa nahodha kwa nahodha ulitangulizwa herufi MSG, na mpokeaji alipaswa kuupeleka kwa wakuu wa meli. Evans alianza kama mtu anayepiga soga. Phillips hakuipima habari ile akaiona nyepesi. Hakuisikia hadi mwisho. Alichojua ni kwamba amekatizwa.

Lakini hebu tujiulize, nani alimkatiza nani? Tunasema Evans aliingilia kazi. Kumbe salamu za abiria ndizo zilizokuwa zimeingilia kazi kubwa kuliko zote, ya kuvusha meli salama. Zilikuwa na bei na foleni, basi zikaonekana ndizo kazi yenyewe. Mimi nami usiku ule niliona ukurasa ndio kazi, na simu ya kuusahihisha ndiyo kero.

Sheria zilizofuata hazikuishia kuwahimiza watu wa redio wawe makini. Marekani mwaka ule ule iliagiza meli za abiria ziwe na mtu wa kusikiliza usiku na mchana. Mkataba uliotiwa saini London, Januari 1914, ukaanzisha doria ya barafu. Walibadilisha mpangilio wa kazi, ili onyo lisitegemee hisani ya mtu aliyechoka.

Ofisini kwetu sasa ipo namba moja ya masahihisho tu. Ikilia, unaacha unachofanya.

Nilikwenda kumwomba radhi yule mama. Akanikaribisha, akaniwekea chai. Kisha akauliza kwa upole, “Yule kijana wenu alituahidi atawapigia usiku ule ule. Kwani hakupiga, mwanangu?”

“Alipiga, mama.”