Kiraka, kifungo na ua: historia ya vipande vya kitambaa

BUKAVU – Chini ya meza za mafundi wa kushona, sokoni Kadutu, vipande vya vitenge huanguka kila siku na kufagiliwa. Lakini historia inaonyesha kwamba vipande kama hivyo vimewahi kutunza kumbukumbu za jamaa nzima.

Hapa kwetu Kongo, Wakuba wa Kasai walijua jambo hilo zamani. Wanaume walifuma nguo kwa nyuzi za mwale, kisha nguo ikatwangwa ili ilainike. Mara nyingine ilitoboka. Matundu yakazibwa kwa viraka, na baadaye viraka vikawa pambo, vikashonwa hata pasipo tundu.

Pwani nako, husimuliwa kwamba wanawake wa Zanzibar na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, waliunganisha vitambaa sita vya mkononi, vitatu juu na vitatu chini. Ndiyo leso, mama wa kanga.

Marekani, baada ya maonyesho ya Philadelphia ya 1876, ambako vitu vya Japani viliwavutia wengi, wanawake walianza kushona mablanketi ya vipande visivyolingana: hariri, mahameli, riboni. Miaka ya 1880 mtindo huo ulienea sana. Mengi yalitandazwa sebuleni yaonekane tu. Kipande cha gauni la arusi kiliweza kukaa kando ya tai ya marehemu baba.

Maua ya kitambaa hayahitaji mashini. Hukatwa duara, uzi hupitishwa ukingoni na kuvutwa mpaka duara lijikunje. Tundu linalobaki katikati hufunikwa kwa kifungo cha zamani.

Bukavu ina jina linalokumbusha kazi hii. Maison Dorcas, nyumba ya Fondation Panzi ambako wanawake walionusurika ukatili hufundishwa kushona, inabeba jina la Dorkasi wa Yafa. Katika Matendo ya Mitume, alipofariki, wajane walionyesha huku wakilia nguo alizowashonea.

Familia inapokimbia vita, picha na hati hubaki nyumbani. Kitenge huondoka, kwa sababu mtoto amefungwa nacho mgongoni. Kikichakaa, mama asikimbilie kukitupa: akate kipande kizuri, atoe na vifungo vya shati la baba, avishone pamoja. Watoto waliozaliwa ukimbizini watauliza kila kimoja kilitoka wapi, na hapo mama atawataja kijiji na watu wake.